Pini za gitaa zinalegea au zinaruka ukityuni? Mwongozo kamili wa kuzitengeneza

Hili tatizo linarudi kila siku na karibu kila mtu analianzia pale pasipo penyewe. Anaona pini (kile kijiti kidogo kinachochomekwa pamoja na uzi kwenye tundu la briji, yaani ule ubao wa juu ya gitaa nyuzi zinapofungwa) imelegea, anaigonga na kitu kizito, inashika siku mbili tatu, inaruka tena, anaweka supaglu, alafu uzi ukikatika ndo anagundua pini haitoki tena na briji imeshapasuka. Gitaa linafika kwa fundi kwa kazi kubwa wakati mwanzoni ilikuwa kazi ya dakika kumi tu. Kwahiyo naandika hatua zote hapa, zifuate kwa mpangilio, usirukie gundi.

Kwanza shika hili maana ndo linabeba mwongozo mzima: pini sio msumari, haiushiki uzi kwa kuubana. Mwisho wa uzi kuna kigololi kidogo cha shaba. Kigololi kile kinatakiwa kikae ndani ya tumbo la gitaa, chini ya ule ubao mgumu uliogundishwa kwa ndani usawa wa briji (hapa nitauita kibao cha ndani). Uzi ukivutwa, kigololi kinajikaza kwenye kibao, kibao ndo kinabeba mzigo. Kazi ya pini ni kukizuia kigololi kisirudi kwenye tundu, basi, haina kazi nyingine.

Na mzigo wenyewe sio mdogo. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, ile ya 12 kwa 53, kila uzi unavuta kati ya kilo 10 na 14, zote sita zinapita kilo 70. Hakuna pini iliyosukumwa na kidole gumba itakayozuia kilo 12 kwa kubana tu. Ukiona pini inapanda juu unapotyuni ujue kigololi hakijakaa mahali pake, kimekaa kwenye ncha ya pini na kinaisukuma itoke.

Mwongozo huu ni wa magitaa ya nyuzi za chuma tu. Gitaa la nyuzi za nailoni halina pini, nyuzi zinafungwa kwa fundo kwenye briji. Na tafadhali usilifunge nyuzi za chuma gitaa la nailoni, halikutengenezwa kubeba mzigo huo, briji itang'oka.

## Vitu vya kuandaa

Andaa vyote kabla hujalegeza uzi wa kwanza, usije ukaacha gitaa wazi alafu ukaanza kuzunguka mjini.

- Tochi ya simu na kioo kidogo, hata kile cha poda kinafaa.
- Penseli laini.
- Msasa namba 150, 240 na 400, kipande kidogo kidogo tu.
- Tupa ndogo ya mviringo, ile nyembamba. Maduka ya hadiwea Gerezani na Kariakoo zipo.
- Masking tepu, sio selotepu. Selotepu ukiibandua inaweza kuondoka na rangi.
- Supaglu nyepesi, ya maji maji. Ile nzito ya jeli haiingii kwenye vinyweleo vya mbao.
- Vijiti vya meno, kipande cha nailoni na kipande cha boksi.
- Vumbi la mbao ngumu nyeusi.
- Mshumaa.
- Seti mpya ya nyuzi, na seti ya pini za akiba kama umezipata.
- Riima ya pini, yaani kile kichongeo cha tundu chenye umbo la kuchongoka. Ukiwa nayo kazi inakuwa safi zaidi, ukikosa nitakuonyesha njia ya msasa.

Kuhusu vumbi la mbao, hapa Dar tuna bahati. Nenda kwa wachongaji wa vinyago pale Mwenge, omba vumbi la mpingo, wanalifagia kila siku. Mpingo ni ndugu wa karibu kabisa wa rozwudi ambayo ndo inatumika kwenye briji nyingi, zote ni ukoo mmoja wa miti, Dalbergia, kwahiyo ugumu na rangi havitakuangusha. Ila hilo vumbi ni kali, linawasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, vaa barakoa unapolichekecha na usilipulize kwa mdomo.

## Hatua ya 1: Toa nyuzi na pini bila kuumiza briji

Legeza nyuzi zote mpaka zilale kabisa. Sio nusu, kabisa. Pini nyingi zinavunjika vichwa kwa sababu mtu anazivuta wakati uzi bado una mvuto.

Uzi ukishalala, usianze kuvuta pini. Sukuma uzi wenyewe uingie ndani ya tundu kidogo, kigololi kitaachia kibao, na hapo pini nyingi zitatoka kwa vidole. Ikigoma, ingiza mkono kwenye mdomo wa gitaa (lile tundu kubwa chini ya nyuzi), chukua sarafu, sukuma ncha ya pini kutoka chini kwenda juu taratibu. Sarafu inakupa nguvu bila kuumiza kidole.

Angalizo: usitumie bisibisi kuchokonoa kwa kuegemea kwenye briji au kwenye ubao wa juu. Plaizi unaweza kutumia ila funga kichwa cha pini kwa kitambaa, vuta wima, usiyumbishe kushoto kulia.

Kila pini ikitoka ichomeke kwenye kipande cha boksi na uiandikie namba, 1 hadi 6. Watu wanaruka hii na inawagharimu, maana matundu hayalingani, pini ya tundu la 6 ukiipeleka la 2 unapata tatizo jipya ambalo halikuwepo.

## Hatua ya 2: Kagua ndani kabla ya kuamua chochote

Nyuzi zikiwa zimetoka, simu nyingi zinapita mdomoni mwa gitaa ukiziingiza kwa ubavu. Washa flashi, rekodi video ya kibao cha ndani, toa uangalie kwa utulivu. Simu ikiwa kubwa tumia kioo na tochi.

Unatafuta vitu hivi:

Matundu kwenye kibao. Yakiwa duara safi, vizuri. Yakiwa yamechanika kuelekea mbele, yana vinyuzi vya mbao vinavyoning'inia, au unaona vigololi vimejichimbia mashimo, kibao kimeliwa.

Mstari wa ufa. Angalia kama kuna ufa unaounganisha tundu moja na jingine, juu kwenye briji na chini kwenye kibao pia. Huo mara nyingi unatokana na pini kugongwa.

Briji kunyanyuka. Chukua karatasi ya kawaida, jaribu kuiingiza chini ya briji upande wa nyuma. Ikiingia, simama hapo hapo, kazi ya pini haina maana mpaka briji ishikwe upya. Dar hii inatokea sana kwa sababu ya gari. Gitaa likiachwa kwenye buti jua la saa saba, joto linalainisha gundi ya briji na zile kilo 70 zinaendelea kuvuta.

Ishara nyingine unaweza kuiona hata nyuzi zikiwa bado zimefungwa. Karibu na kigololi kila uzi una sehemu nene iliyosokotwa. Sehemu hiyo inatakiwa ibaki chini, isiufikie ule mfupa mweupe wa juu ya briji. Ukiona msokoto umepanda juu ya mfupa, kibao cha ndani kimeliwa na kigololi kinapanda tundu.

Ukishakagua chagua njia. Matundu safi na kibao kizima, nenda hatua ya 3, na nakuhakikishia wengi wenu mtaishia hapo. Pini inacheza hata ikiwa peke yake bila uzi, nenda ya 4. Tundu la briji limepanuka, ya 5. Kibao kimeliwa, ya 6.

## Hatua ya 3: Kalisha kigololi mahali pake

Hii hatua usiisome kwa haraka, hata kama tatizo lako ni la hatua za mbele utairudia mwishoni.

Chukua uzi wa 6, ule mnene. Kunja kidogo pale juu tu ya msokoto karibu na kigololi, kunja laini sio kona kali, ili kigololi kielekee mbele, upande wa shingo ya gitaa. Sababu yake ni kwamba uzi ulionyooka kigololi chake kinapenda kukaa katikati chini ya pini, ukiukunja kinasogea chenyewe chini ya kibao.

Ingiza uzi kwenye tundu kama sentimita mbili au tatu. Weka pini, mfereji wake (ule mkato mrefu ubavuni mwa pini) uangalie mbele, upande wa mdomo wa gitaa. Wapo wanaoweka mfereji nyuma au ubavuni wakidhani hauna maana. Mfereji ndo njia ya uzi, ukigeuzwa uzi unabanwa kati ya pini na ukuta wa tundu na pini inasukumwa nyuma mpaka inapanua tundu.

Sasa sikiliza vizuri. Sukuma pini kwa kidole gumba, kwa upole tu, usiikandamize. Kidole kikiwa bado juu ya pini, mkono mwingine uvute uzi kwenda juu. Utauhisi unapanda, alafu unagota, na huko ndani unasikia kidogo "tok". Hicho ni kigololi kimefika kwenye kibao. Kama pini ilinyanyuka wakati unavuta, isukume chini tena, vuta uzi tena. Rudia mpaka uvute uzi kwa nguvu na pini isitikisike.

Watu wanakosea hapa kwa kusukuma pini kwa nguvu *kwanza* alafu ndo wanaenda kutyuni. Ukifanya hivo unakishindilia kigololi chini ya ncha ya pini, na mvuto wote wa uzi unageuka kuwa nguvu ya kuitoa pini.

Kabla ya kukaza, ingiza kioo uangalie. Kigololi kinatakiwa kiwe *pembeni* ya pini, kimegusa kibao. Kikiwa kwenye ncha ya pini toa uanze upya, hakitajirekebisha chenyewe.

Kikiwa kinarudi kwenye ncha kila ukijaribu, itazame ncha yenyewe. Pini nyingi za plastiki za bei ya chini zina ncha bapa au yenye shimo dogo, na kigololi kinanasa pale. Chukua msasa 240, izungushie ncha iwe ya duara laini, ukipenda ikate mshazari kidogo upande wa mfereji ili kigololi kiteleze. Kazi ya dakika moja kwa kila pini, na kwa maoni yangu ndo tengenezo lenye faida kubwa kuliko yote yaliyomo humu.

Angalizo: unapokaza uzi usiweke uso juu ya briji. Pini ikiruka inaruka kwa nguvu, na jicho halina spea.

Dalili kwamba umefaulu: umetyuni mpaka sauti yake, pini haijapanda hata kidogo, na ukiigusa kichwa haichezi. Ukaze taratibu, kwanza nusu ya mvuto, kagua, alafu malizia.

## Hatua ya 4: Pini hailingani na tundu

Pini zote zimechongoka, ila hazijachongoka sawa. Kuna aina mbili zilizozoeleka, za digrii 3 na za digrii 5, na unene pia unatofautiana, nyingi chini tu ya kichwa zinaangukia kati ya milimita 5 na 6. Ukinunua seti kwa kuangalia rangi bila kulinganisha, unaweza kupata pini nzuri kabisa isiyofaa gitaa lako.

Pima hivi. Paka penseli kwenye mwili mzima wa pini. Ichomeke kwenye tundu bila uzi, izungushe nusu mzunguko, itoe. Angalia penseli imefutika wapi.

- Imefutika juu mpaka chini kwa usawa: pini na tundu vinaelewana, rudi hatua ya 3.
- Imefutika juu tu karibu na kichwa: pini imechongoka zaidi kuliko tundu, chini inaelea.
- Imefutika chini tu: tundu limechongoka zaidi, juu pini inacheza.
- Haijafutika popote na kichwa kimegusa briji: pini ni nyembamba, inatumbukia tu.

Kwa hali tatu za mwisho dawa ya kweli ni pini nyingine. Beba gitaa lenyewe uende nalo kwenye maduka ya vyombo vya muziki, Kariakoo yapo, ujaribu pale pale kabla hujalipa. Ukishindwa kubeba gitaa beba pini ya zamani pamoja na ile iliyokaribia kufaa. Pini nene kidogo ni bora kuliko nyembamba, maana tundu unaweza kulipanua kidogo kwa riima, ila kulipunguza ni kazi ya hatua ya 5.

Mtu anauliza, ninunue za plastiki, mfupa, mpingo au shaba? Kwa tatizo la kulegea haijalishi, kinachotibu ni kipimo. Mimi napenda za mfupa au za mpingo kwa sababu hazikwaruziki haraka na uzi, plastiki inaliwa mfereji. Na fundi mzuri wa kuchonga anaweza kukutolea pini za mpingo kwa kufuata sampuli yako, muachie sampuli *iliyofaa* sio ile iliyolegea.

### Kama kwaya ni kesho asubuhi

Ipo njia ya dharura. Kata ukanda mwembamba wa masking tepu, bandika kwenye mgongo wa pini, yaani upande usio na mfereji, safu moja, ikibidi mbili. Usizungushie pini nzima, utaziba mfereji. Itakuvusha ibada au shoo, lakini tepu inalainika na kuteleza kwa joto letu hili, usiiache miezi.

## Hatua ya 5: Tundu la briji limepanuka

Hapa ndo supaglu inaingia, na inaingia kwenye *tundu*, sio kwenye pini. Rudia hiyo sentensi kichwani mara mbili kabla hujafungua kichupa.

Funika. Zungushia briji yote masking tepu, alafu weka karatasi juu ya tumbo la gitaa. Tone moja la supaglu kwenye rangi ya gitaa halitoki bila kuacha alama, na ukijaribu kulifuta kwa asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, inakula na vanishi.

Ziba chini. Ingiza mkono mdomoni, bandika masking tepu chini ya kibao kwenye tundu unalotengeneza. Bila hivo gundi itachuruzika ndani.

Safisha. Viringisha msasa 150 uwe kijiti, zungusha ndani ya tundu kuondoa uchafu, nta na vinyuzi vilivyolegea. Pangusa vumbi kwa brashi kavu.

Kazia ukuta. Chovya kijiti cha meno kwenye supaglu, paka ukuta wa tundu kidogo kidogo. Mbao itainywa. Acha dakika chache, paka tena. Tundu ambalo halijapanuka sana, hii peke yake inatosha, maana mbao iliyolegea inakuwa ngumu tena na pini inapata pa kushika.

Jaza. Kama pengo ni kubwa, nyunyiza vumbi la mpingo kidogo kwenye ukuta upande ulioliwa, likandamize kwa kijiti, dondosha tone *moja* la gundi. Safu nyembamba, subiri, safu nyingine. Ukijaza donge moja nene juu litakauka na ndani litabaki teketeke. Supaglu inakaushwa na unyevu wa hewa, kwahiyo Dar inashika haraka kuliko ilivyoandikwa kwenye kichupa, hasa masika, fanya tundu moja moja.

Maangalizo mawili makubwa. Usifute supaglu kwa pamba wala zile pamba za masikio, pamba na supaglu vikikutana vinatoa joto kali, vinaweza kukuunguza na hata kutoa moshi. Tumia kipande cha nailoni. Pili, fungua madirisha, mvuke wake unachoma macho na pua.

Subiri. Saa nzima au zaidi. Usichomeke pini "kujaribu tu" wakati gundi bado haijakauka, hapo ndo pini zinaganda milele. Hata ikikauka, kwa usalama ipake pini nta ya mshumaa kabla ya jaribio la kwanza.

Chonga upya. Mwenye riima, hakikisha ni ya digrii sawa na pini zako. Ingiza, zungusha mizunguko miwili mitatu kwa upole, toa, pangusa, jaribu pini. Asiye na riima achukue pini ya zamani, abandike ukanda wa msasa 150 juu yake kwa gundi, tayari ana kichongeo chenye umbo lile lile. Msasa unaongeza unene kwahiyo tumia pini nyembamba kuliko ile utakayofunga, na jaribu mara nyingi. Malizia na msasa 240.

Hapa subira ndo fundi. Tundu likipita kipimo unarudi kwenye vumbi na gundi upya.

Dalili kwamba umefaulu: pini bila uzi inashuka kwa kidole gumba mpaka kichwa kinabaki kama milimita moja juu ya briji, ukiongeza nguvu kidogo tu inakaa. Kuitoa unaweza kwa vidole. Ikihitaji nyundo kuingia, imebana kupita kiasi, na pini sita zilizobana kwa mstari mmoja ndo zinazopasua briji.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii, njia ya uzi. Ukishajaza tundu, ule mkato mdogo wa mbele ambapo uzi unapita unaweza kuwa umezibika. Chukua kipande cha uzi mkongwe wa 6, ule wenye kusokotwa, utumie kama msumeno mdogo kwenye ukingo wa mbele wa tundu la 6. Kwa tundu la 5 tumia uzi wa 5, na hivyo hivyo kwa nyuzi nyingine zilizosokotwa (wa 2 na wa 1 hazijasokotwa, hazichimbi). Uzi unachimba mkato wa saizi yake wenyewe. Usichimbe sana, unataka uzi upite bila kuisukuma pini nyuma.

## Hatua ya 6: Kibao cha ndani kimeliwa

Tatizo hili halionekani kwa nje ndo maana linasumbua watu muda mrefu, wanabadilisha pini seti kwa seti na uzi bado unapanda.

Kikiwa kimeliwa kidogo tu, unaweza kujaza kwa njia ile ile ya vumbi na supaglu, ila kutokea ndani. Laza gitaa kifudifudi juu ya blanketi, mdomo wake ubaki wazi upate pa kupitisha mkono, pitisha pini iliyopakwa nta nyingi kwenye tundu ili lisizibe, jaza kuzunguka pini kwa vumbi, dondosha gundi kwa kijiti kirefu. Gundi ikianza kushika, izungushe pini kidogo na kuitoa. Kazi inafanyika kwa kuangalia kwenye kioo, mkono mmoja ndani, kwahiyo fanya mazoezi makavu bila gundi kwanza.

Kikiwa kimeliwa zaidi, weka bamba jipya juu ya lile la zamani. Una njia mbili.

Ya kwanza ni mbao. Mafundi samani wa Keko watakupasulia kipande cha mbao ngumu, mninga uliokauka vizuri unafaa, unene wa milimita 2, upana wa kutosha kufunika matundu yote sita. Mshipa wa mbao usifuate mstari wa matundu, uukate mshazari, la sivyo kitapasuka kwenye mstari huo huo. Kigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao, kibane kwa klempu kupitia mdomo wa gitaa, acha mpaka kesho yake, na kwenye masika ongeza siku, maana gundi nyeupe tofauti na supaglu inachelewa kukauka kwenye unyevu. Alafu toboa kutokea juu ukifuata matundu yaliyopo.

Ya pili ni shaba. Bati la shaba jembamba, chini ya milimita 1, lenye matundu sita, kingo zote zimepigwa tupa zisikate nyuzi. Linabandikwa kwa tepu ya pande mbili, vigololi vyenyewe vinalishikilia. Sauti inaongezeka ung'avu kidogo, wengine wanapenda wengine hawapendi. Faida yake kubwa ni kwamba ukitaka unalitoa na gitaa linabaki kama lilivyokuwa.

Kukitoa kibao chote na kuweka kipya, hiyo mpelekee fundi. Vivyo hivyo ufa uliopita matundu mawili au zaidi, briji iliyonyanyuka, na tundu lililoharibika mpaka linahitaji kuzibwa kwa kijiti cha mbao na kutobolewa upya. Ni kazi zinazohitaji joto, klempu maalum na jicho lililozoea.

## Hatua ya 7: Funga nyuzi na uhakikishe

Rudi hatua ya 3, uzi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa utaratibu ule ule. Anza na wa 6 na wa 1, alafu wa 5 na wa 2, malizia na wa kati. Kaza zote nusu kwanza ukague pini zote sita, ndo upandishe mpaka sauti kamili.

Acha gitaa usiku mzima. Asubuhi pitisha kidole kwenye vichwa vya pini. Vyote vikiwa vimo kwenye usawa ule ule wa jana, kazi imekamilika. Kimoja kikiwa kimepanda, usikisukume tu, legeza uzi huo, toa, angalia kigololi kwa kioo.

Uzi kushuka sauti siku mbili tatu za kwanza ni kawaida ya nyuzi mpya, sio lazima iwe pini. Tofauti utaijua kwa kichwa cha pini: kikiwa hakijasogea, ni uzi unajinyoosha.

## Pini imekatika, kichwa kimetoka na mwili umebaki ndani

Hili linatokea sana kwa pini za plastiki za kale. Usihangaike kutoboa na drili kutokea juu, utapanua tundu. Legeza uzi, ingiza mkono ndani, tafuta ncha ya pini kwa kidole, isukume juu kwa sarafu. Ikigoma tumia kijiti kigumu kifupi, nyuma ya penseli panafaa.

Kama iliwekwa supaglu, pasha ncha ya bisibisi nyembamba kwa moto wa mshumaa, iguse kwenye plastiki iliyobaki tu, bila kugusa briji, iingie kidogo, acha ipoe na kuganda na plastiki, alafu vuta wima. Kaa karibu na dirisha maana plastiki itatoa harufu. Ikitoka, kagua tundu na uanzie hatua ya 2.